Kambi ya Likizo: Kabla ya Kuulizia Mahali, Ulizia Watu

Barua nyingi zilizotufikia majuma haya zinahusu jambo moja. Likizo ndefu inakaribia, wazazi wako kazini, na kila upande kuna tangazo la kambi ya watoto. Nimechagua barua tano, nikazifupisha bila kuharibu maana na kuyaondoa majina ya waandishi. Niseme mapema kwamba nimekuwa mlezi wa bweni kwa miaka 19 na nimelala kambini na watoto wa watu kwa siku nisizoweza kuzihesabu. Kwa hiyo nitakaposisitiza kuulizia nani hasa atakuwa na mtoto wako saa nane za usiku, mjue kwamba sisemi la kusikia.

SWALI LA KWANZA, kutoka Louisville, Kentucky

Shikamoo Mama. Sisi ni Wakongo wa Fizi, Kivu ya Kusini. Niliishi katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kwa miaka 14 kabla ya kuletwa Marekani, na watoto wangu walizaliwa humo. Sasa mwalimu wao ananishauri nimwandikishe binti wa miaka 11 na mdogo wake wa kiume wa miaka 8 katika kambi ya kiangazi. Mke wangu aliposikia neno hilo alilia, kwa maana kambi kwetu ni foleni ya mgao na hema linalovuja. Kuna faida gani ya kutoa fedha ili mtoto arudi kambini? Na kama faida ipo, tutachaguaje, ilhali Kiingereza chetu bado ni kidogo?

JIBU

Marahaba, baba. Barua yako niliisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu, na la kwanza ninalotaka kulisema linamhusu mkeo: ana haki ya kulia. Neno moja limebebeshwa maisha mawili yasiyofanana. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia vita, na hakuna aliyeingia humo kwa kupenda wala aliyejua tarehe ya kutoka. Kambi anayoitaja mwalimu ina siku ya kuanza na siku ya kumalizika, na mzazi anaweza kumchukua mwanawe wakati wowote. Ninawashauri nyumbani kwenu msilitumie neno hilo kabisa. Semeni "michezo ya likizo" au "shule ya kiangazi," kwa kuwa watoto husoma nyuso za wazazi wao kabla hawajasikia maelezo.

Desturi yenyewe ni ya zamani huko mliko. Mwaka 1861 mwalimu mmoja wa Connecticut, Frederick Gunn, aliwatembeza wanafunzi wake kwa miguu hadi ufukweni, wakapiga mahema na kukaa huko wakivua na kuogelea. Leo, hata hivyo, sababu kubwa ya kambi hizo ni kalenda. Shule hufungwa kwa takriban wiki kumi, na waajiri hawafungi. Mtoto wa miaka 8 asiye na pa kwenda atashinda ndani na simu mkononi, au ataachiwa dada yake wa miaka 11, ambaye naye ni mtoto na hastahili kubebeshwa ulezi wa kutwa nzima. Kwa familia kama yenu kuna faida nyingine ninayoiona kuwa kubwa zaidi: mtoto hujifunza lugha ya wenzake upesi anapogombania mpira nao kuliko anaposahihishwa darasani.

Kambi ziko za kutwa na za bweni, kama shule zilivyo. Ninawasihi mwaka huu muanze na ya kutwa, ambayo mtoto hupelekwa asubuhi na kurudi jioni, hata kama mwalimu ameisifu ya bweni. Mama aliyelia kwa sababu ya neno hatapata usingizi kwa wiki nzima watoto wake wakiwa msituni, na watoto watalihisi hilo. Kambi za kutwa huendeshwa na idara za bustani na burudani za miji, na mashirika ya watoto na vijana kama YMCA na Boys & Girls Clubs, na pia makanisa na misikiti. Ulizeni waziwazi kama kuna punguzo kwa familia yenye kipato kidogo. Nyingi zinalo lakini haziwezi kulitoa kwa mtu ambaye hajaomba, na fedha hizo huwahiwa. Uandikishaji mara nyingi huanza Januari au Februari, wakati theluji bado iko nje na hakuna anayefikiria kiangazi.

Fedha zina pembe nyingine ambayo wageni wengi hawaambiwi. Ikiwa nyote wawili mnafanya kazi, gharama ya kambi ya kutwa kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka 13 inaweza kuhesabiwa katika nafuu ya kodi ya serikali kuu inayohusu malezi ya watoto. Gharama ya kambi ya bweni haihesabiwi. Kwa hiyo tunzeni stakabadhi na muombeni mwenye kambi namba yake ya kodi, maana mtajaza fomu na itahitajika. Vilevile serikali hiyo hugharimia chakula cha bure cha kiangazi kwa watoto wote hadi miaka 18, kwenye maktaba, shule na bustani zilizoteuliwa, na mtoto hahitaji kuwa ameandikishwa popote ili ale.

Sasa kuhusu kuchagua. Picha za watoto wanaocheka kwenye mtumbwi hazikuambii kitu. Ulizeni kwanza kama kambi ina leseni ya jimbo, mkijua kwamba sheria za majimbo hutofautiana na kwamba katika baadhi yake kambi za aina fulani huruhusiwa kufanya kazi bila leseni. Kisha ulizeni kama imethibitishwa na American Camp Association, chama kilichoanzishwa mwaka 1910 ambacho hutuma wakaguzi kutazama jikoni, majini na vitabu vya dawa. Kambi hailazimishwi kuomba uthibitisho huo, kwa hiyo iliyouomba imekubali kutazamwa. Kwa kambi za kutwa chama hicho hutaka angalau mlezi mmoja kwa watoto wanane wenye miaka 6 hadi 8, na mmoja kwa watoto kumi wenye miaka 9 hadi 14. Kwa za bweni, mmoja kwa sita na mmoja kwa wanane. Hesabu hizo mnaweza kuziulizia hata kwa Kiingereza kidogo, kwa sababu jibu lake ni tarakimu. Ulizeni pia umri wa walezi hao, kwani wengi huwa wanafunzi wa vyuo, na swali la msingi ni nani mtu mzima anayewasimamia wao.

Ulizeni, na hili msilionee haya, ni nini kitafanyika maji yakija. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 2025 mto Guadalupe katika jimbo la Texas ulifurika ghafla, na katika kambi moja ya wasichana iliyokuwa kando yake wakafa watoto na walezi 27. Miezi miwili baadaye jimbo hilo lilipitisha sheria ya kuzizuia kambi zisiwalaze watoto katika maeneo ya mafuriko na kuzitaka ziwe na mpango wa dharura. Msisubiri sheria ya jimbo lenu. Kiongozi anayejua kazi yake atawaonyesha watoto watakimbilia wapi, na ataeleza atawapigia simu vipi.

Kuna karatasi nyingi: fomu ya afya iliyotiwa saini na daktari, kadi ya chanjo, idhini ya matibabu, idhini ya kupigwa picha, na orodha ya watu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto jioni. Mwombeni mfanyakazi wa shirika lililowapokea awatafsirie, au shule iwatafutie mkalimani. Msimtumie binti yenu kuwatafsiria fomu zake mwenyewe. Na kama mmoja wa watoto hushtushwa na kelele za ghafla, au hukataa kusimama kwenye foleni ya chakula, mwambieni mkuu wa kambi kabla ya siku ya kwanza. Mlezi anayejua hilo hatamwona mtoto huyo kuwa mkaidi.

Kabla ya kulipa, nendeni nyote wanne mkaione, siku ambayo kambi inawakaribisha wazazi. Mkeo aione milango inayofunguka kwa ndani na kwa nje.

SWALI LA PILI, kutoka Dar es Salaam

Shikamoo Mama Mshauri. Binti yangu ana miaka 8, yuko darasa la tatu. Katika kundi la WhatsApp la wazazi limeletwa tangazo la kambi ya siku kumi mwezi Juni, ufukweni Bagamoyo, yenye kuogelea, sanaa, na kila asubuhi "masomo ya kujiandaa na mtihani wa darasa la nne." Malipo ni kwa simu, nafasi zimebaki chache na mwisho ni Ijumaa. Baba yake amependa. Mimi moyo unasita na sijui kwa nini.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Moyo wako umeona mambo matatu ambayo bado hujayapa majina.

La kwanza ni umri. Mwezi Machi 2023 serikali ilipiga marufuku huduma ya bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne, kwa hoja kwamba mtoto wa umri huo anahitaji kulelewa na wazazi na jamii yake. Marufuku hiyo ilihusu shule, lakini hoja yake haifi shule zinapofungwa. Siku kumi mfululizo kwa mtoto wa miaka 8 ambaye pengine hajawahi kulala nje ya kwenu, pamoja na watu ambao hujawahi kuwaona, ni nyingi mno.

La pili ni hayo masomo ya asubuhi. Mtoto aliyesoma tangu Januari anahitaji kupumzika. Jirani zetu Wakenya waliliweka jambo hili katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, inayokataza mwanafunzi kulazimishwa tuisheni wakati wa likizo, na huku kwetu wizara imewakumbusha walimu zaidi ya mara moja wawaachie watoto likizo yao. Kambi inayojinadi kwa mtihani imejua hofu ya wazazi na kuiwekea bei. Mtoto anajifunza mengi anapojenga kibanda cha makuti na wenzake, anapokosana nao na kupatana nao kabla ya chakula cha jioni, na hilo shule yake haina nafasi ya kumpa.

La tatu ni haraka. Anayekuambia ulipe kabla ya Ijumaa, kabla hujaona godoro wala choo, anakuzuia usiulize.

Wazee wetu hawakuwa na matangazo, lakini walikuwa na jando na unyago, na mtoto alitengwa kwa siku nyingi mbali na mama yake. Mzazi hakuuliza kumbi limejengwa wapi kabla hajajua nyakanga, yaani mkuu wa jando au unyago, ni nani na kungwi wa mwanawe ni nani, ametoka ukoo gani, na ameshawahi kuwalea wari wangapi wakarudi salama. Siwaombi mrudie yote yaliyokuwa yakifanyika huko, kwa kuwa mengine yaliumiza, ila utaratibu wa kumtaja mtu kwa jina kabla ya kumkabidhi mtoto ulikuwa utaratibu wa watu wenye akili. Fanya hivyo hivyo. Mpigie simu mwenye kambi, umwombe majina ya walezi wote, uulize kila mmoja anafanya kazi gani mwaka mzima, na kama wana hati ya polisi inayoonyesha kwamba hawana rekodi ya jinai. Uliza kama kuna kanuni kwamba hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto mmoja, iwe bafuni, chumbani au garini. Sikiliza si jibu tu bali pia sauti: mwenye kambi nzuri hufurahi kuulizwa hivyo, na asiyefaa hukasirika.

Halafu uliza kuhusu maji, na hapa niruhusu nikae kidogo. Miaka mingi iliyopita nilikuwa mmoja wa walezi watano wa kambi ya shule moja kando ya mto, tukiwa na watoto 46. Tulikuwa na huduma ya kwanza, tulikuwa na kamba, na tulikuwa na nia njema. Hatukuwa tumepangana nani anatazama maji, kwa hiyo kila mmoja aliamini kwamba mwenzake anatazama. Mtoto wa kike alizama hatua chache kutoka mahali nilipokuwa nimesimama nikigawa vikombe vya uji, nami sikusikia chochote, kwa sababu anayezama hana pumzi ya kupiga kelele. Kichwa hurudi nyuma, mikono husukuma maji, na baada ya muda mfupi ameshakwenda chini. Aliyemtoa ni mvulana wa darasa la saba aliyekuwa akichota maji. Alipona, na tangu siku hiyo sijakubali kambi yoyote ambayo mkuu wake hawezi kunitajia mwokoaji kwa jina, mtu asiyekuwa na kazi nyingine yoyote saa ya kuogelea, ambaye huwapima watoto uwezo wao siku ya kwanza, huwaingiza wawili wawili kila mmoja akimlinda mwenzake, na huwahesabu kila baada ya dakika chache. Bahari ya Bagamoyo hujaa na kupwa. Uliza kama saa za kuogelea zimepangwa kwa kufuata maji. Wasomaji wa Mwanza na Musoma wao waongeze swali la kichocho, kwa maana ufukwe wa Ziwa Victoria wenye majani na konokono si mahali pa kuwaogesha watoto.

Mengine ni mepesi: vyandarua visivyotoboka, choo chenye taa usiku, maji ya kunywa yaliyochemshwa, na umbali wa kufika kituo cha afya kilicho wazi usiku pamoja na gari lililoko pale kambini, si la kuagizwa mjini.

Ningekuwa wewe nisingempeleka kwenye hii. Ningetafuta kambi ya kutwa ya wiki moja hapo hapo jijini, kisha mwakani usiku mmoja au miwili mahali ambapo umefika. Kabla ya yote hayo mfundishe kwamba hakuna siri kati ya mtu mzima na mtoto ambayo mama hapaswi kuijua, na mkaririshe namba yako ya simu pamoja na 116, ambayo ni namba ya bure ya kumsaidia mtoto, hapa Tanzania na Kenya vilevile.

SWALI LA TATU, kutoka Mombasa

Assalaam aleikum Bi Mshauri. Mwanangu wa kiume ana miaka 10, ni skauti, na mwezi wa nane wenziwe wanakwenda kambi ya Rowallan, Nairobi, siku tano. Angali anakojoa kitandani mara mbili tatu kwa wiki, na hiyo ni siri ya nyumba yetu. Yeye anatamani mno kwenda. Babake asema aende akaaibike ndipo aache. Nifanyeje?

JIBU

Waaleikum salaam, dada. Mwambie baba, kwa heshima yake yote, kwamba aibu haijapata kumponya mtoto yeyote wa jambo hili. Mtoto hakojoi kwa uvivu. Amelala fofofo, na mwili wake bado haujajifunza kumwamsha au kupunguza mkojo wa usiku. Katika kila watoto 100 wa miaka 7, watano hadi kumi wako hivyo, na wengi wao huacha wenyewe wanapokua. Kwa hesabu hiyo, katika kambi ya watoto wengi mwanao hatakuwa peke yake, ingawa kila mmoja ataamini kwamba yuko peke yake.

Aende. Ila kabla ya Agosti mpeleke kwa daktari, kwanza ili kuhakikisha kwamba hakuna maradhi ya njia ya mkojo wala choo kigumu, ambacho huweza kuleta tatizo hili, na pili ili kuuliza kuhusu dawa ya kupunguza mkojo wa usiku, ambayo madaktari huwaandikia watoto kwa muda mfupi, kwa safari kama hizi. Ikiandikwa, ijaribuni nyumbani majuma kadhaa kabla, mkifuata sharti la daktari kuhusu kiasi cha maji anachokunywa jioni. Isiwe mara ya kwanza kuimeza awe hemani.

Mweleze kiongozi mmoja tu, yule atakayelala karibu naye, na mwanao ajue kwamba umemweleza na akubali. Makubaliano yawe mepesi: kiongozi atampitia saa tano usiku na kumgusa bega kana kwamba anakagua hema, na asubuhi shuka chafu zitaingia mfukoni bila maneno. Mfungie suruali za kulalia za rangi iliyoiva, mfuko wa plastiki usioonyesha ndani, na shuka la mpira la kutandika chini ya blanketi. Mablanketi yawe mawili, kwa kuwa mtoto wa Pwani hajui baridi ya Nairobi ya mwezi wa nane, ambapo usiku joto hushuka hadi nyuzi 11 au 12, na baridi nayo huzidisha mkojo.

Kuna jambo moja ambalo wazazi wenye huruma hulikosea. Usimwahidi kwamba akikulilia kwa simu utakwenda kumchukua. Madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2007 kuhusu watoto wanaowakumbuka nyumbani, walionya juu ya ahadi hiyo, kwa sababu humwambia mtoto kabla hajaondoka kwamba humwamini kuwa ataweza. Afadhali alale kwa shangazi yake siku mbili mwezi wa saba, akiwa na mfuko wake uleule, mwone lipi limesahaulika. Mwambie pia, akipenda visa, kwamba mwanzilishi wa skauti, Baden-Powell, aliyepiga kambi yake ya kwanza na wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea mwaka 1907, amezikwa Nyeri, saa chache tu kutoka hapo atakapolala.

SWALI LA NNE, kutoka Minneapolis

Mabinti zangu wa miaka 12 na 13 wamepata nafasi ya kambi ya bweni ya wiki moja kaskazini mwa Minnesota. Sisi ni Waislamu. Kambi imejibu kwamba "hakuna tatizo" kuhusu chakula. Je, inatosha?

JIBU

Haitoshi, ingawa huenda waliokujibu wana nia njema. Kwao "hakuna tatizo" huenda maana yake ni kwamba hawatawapa nguruwe. Uliza kama nyama ni ya halali au kama watapewa samaki na mboga kila siku, kama sufuria ni zilezile, na taja mashimalo, zile peremende laini zinazochomwa jioni kwenye moto, kwa kuwa nyingi hutengenezwa kwa jelatini ya nguruwe na ndizo zitakazogawiwa watoto wakiwa wamekaa kwa furaha bila kufikiri. Wafungie za halali watosheke pamoja na wenzao.

Kuhusu swala, andika saa zake kwenye karatasi na umpe mkuu wa kambi. Mwezi Juni Magharibi huingia huko baada ya saa tatu usiku, wakati ambapo huenda taa za mabweni zinazimwa, na mlezi asiyejua atadhani mabinti wanakaidi amri. Uliza kama mavazi ya kuogelea yanayofunika mwili yanaruhusiwa, na kama bafu zina milango. Wakijibu kila swali kwa undani, waache waende.

SWALI LA TANO, kutoka Morogoro

Mama, mimi ni mtumishi wa kawaida na fedha ya kambi sina. Kila Juni nawapeleka wanangu wa miaka 7 na 12 kwa bibi yao Lushoto. Wenzangu kazini wananifanya nijione mzazi mzembe. Je, hiyo si kambi?

JIBU

Ni kambi, baba, tena ambayo kiongozi wake unamjua tangu ulipozaliwa. Mtoto anayechuma matunda, anayejifunza Kisambaa kwa wazee na kulala akisikiliza hadithi hajakosa kitu ambacho mwenzake analipiwa. Usijione mzembe hata kidogo.

Lakini kwa kuwa umeiita kambi, iulize maswali ya kambi, maana upendo wa bibi hauzibi kisima. Kisima au bwawa la karibu lina kifuniko au uzio? Watoto watalala chumba kimoja na nani, na je, kuna mjomba au kijana wa jirani anayelala humo pia, ambaye hujazungumza naye siku nyingi? Madhara mengi kwa watoto hufanywa na watu wanaojulikana nyumbani, kwa hiyo kuuliza si kumtukana mtu. Nani atakata kuni, na nani atapanda bodaboda na mtoto wa miaka 7 kwenda gulioni? Bibi mwenyewe yuko vipi mwaka huu? Aliyewamudu miaka mitatu iliyopita huenda sasa magoti yanamsumbua, na kwa heshima hatakuambia. Mpunguzie siku, au mwombe dada yako awe anapita kila jioni, na peleka fedha ya chakula mapema badala ya kumwachia bibi aibebe kimyakimya. Sweta pia, kwa kuwa Juni katika milima ya Usambara si Juni ya Morogoro.

La mwisho ni safari. Basi hupitia Chalinze na Segera hadi Mombo, kisha huanza kupanda kwenye kona zile. Najua wazazi wengi humkabidhi kondakta watoto na karatasi yenye namba ya simu. Usifanye hivyo, hata kama kondakta ni mtu wa kijijini kwenu. Omba ruhusa ya siku moja kazini uwapeleke mwenyewe hadi mlangoni, ukae unywe chai na mama yako, ukague kisima, ndipo urudi.